Wanaita Kubandika

Mdogo wangu Ndanu alicheka na mkono mdomoni kwa miaka ishirini na saba. Najua hesabu hiyo kwa sababu nilikuwepo siku alipoanza. Alikuwa darasa la pili, kule Njukini, na mwalimu mgeni alimsimamisha mbele ya wenzake akamwuliza, "Wewe, kwenu hakuna mswaki?" Mswaki ulikuwepo. Ndanu alisugua meno kwa mswaki, akasugua kwa mkaa, akasugua kwa majivu, na siku moja kwa mchanga mpaka fizi zikatoka damu. Siku ile ya mwalimu alirudi nyumbani kiganja kimefunika mdomo, na kuanzia hapo hakucheka tena bila hicho kiganja.

Meno yake yalikuwa ya kahawia, yenye madoa meupe. Haukuwa uchafu, yalikuwa maji. Mimi nilizaliwa Rukanga, tukinywa maji yanayoshuka kutoka mlima Kasigau, na baba alipopata shamba Njukini nilikuwa na miaka tisa, meno yangu ya mbele yameshaota na kutulia. Ndanu alizaliwa huko huko, akalelewa kwa maji ya kisima tulichochimba uani. Maji safi kwa macho, kumbe yana madini yanayoharibu jino likiwa bado ndani ya ufizi. Mama mmoja, baba mmoja, maji mawili. Watu wakituona pamoja walikuwa wanauliza kama kweli sisi ni ndugu, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nawajibu kwa kicheko cha mdomo wote.

Nina hasira, na sitaificha. Nina hasira na Kiema, ambaye nitamfikia. Nina hasira na hao wanaorusha picha za meno kwenye simu, na mwalimu yule wa Njukini kama bado yu hai. Nimezunguka kote na hiyo hasira yangu, lakini mwisho wa siku inarudi kulala kwangu.

Ndanu alisomea ualimu wa watoto wadogo, akapata kazi hapa Voi, akaolewa na Sylus, Mtaita wa Wundanyi anayefanya kazi kwenye shamba la mkonge huko Mwatate. Nenda ukaangalie picha za harusi yao. Hakuna hata moja inayoonyesha jino la bibi harusi. Mpiga picha alibembeleza, "Bibi harusi, cheka kidogo basi," mpaka shangazi mmoja akamfokea amwache mtoto wa watu. Alipojifungua Lois alimpeleka Njukini alelewe na mama yetu huku yeye akijiendeleza kimasomo, na Lois akakaa huko mpaka akafika miaka saba. Kisima kile kile. Meno ya mtoto yalipoota, Ndanu alilia siku nzima, halafu akanyamaza, kwa sababu angemlaumu nani? Mama alikuwa anamnywesha mjukuu maji yale yale aliyokunywa yeye mwenyewe.

Kazini alikuwa hodari kuliko wote. Alijua mtoto gani amekuja bila chai, na yupi ambaye nyumbani kwao kuna vita. Nilimwuliza siku moja kwa nini hataki kufundisha wakubwa apande cheo. Akasema, "Hawa wadogo hawajajifunza kuangalia watu meno."

Hapo alikosea. Siku moja mzazi alikuja shuleni na kumwita pembeni. "Mwalimu, samahani, nauliza tu. Mbona watoto wa darasa lako wote wakicheka wanaziba mdomo? Wangu ameanza hata nyumbani." Ndanu aligeuka akaangalia darasa. Kulikuwa na mtoto ameanguka kwenye kiti, wenzake wanacheka, na kila mmoja amebandika kiganja mdomoni. Watoto ishirini na tisa. Walidhani ndivyo watu wanavyocheka.

Alikuja kwangu moja kwa moja na mkoba wake wa vitabu. Mimi nina saluni ya kucha hapa mjini, juu ya duka la simu. Alikaa kwenye kiti cha wateja akasema, "Mumbe, nimewafundisha watoto wa watu aibu yangu. Nimechoka. Nataka meno."

Na meno yalikuwa pale pale, nyuma ya pazia. Nilikuwa nimemkodisha Kiema chumba cha nyuma. Alikuwa anakuja kutoka Mombasa kila Jumamosi na sanduku lake, koti jeupe, na simu imejaa picha za midomo ya watu. Vipande vyembamba vyeupe, kama ganda la yai, vinabandikwa mbele ya jino. Wenyewe wanaviita vinia, ila hapa mjini kila mtu alisema kubandika meno. Mbele nabandika kucha, nyuma anabandika meno, wateja wanapishana kwenye ngazi. Tulikuwa tunamwita Daktari. Nani alimpa huo udaktari? Sikuuliza. Koti lilikuwa safi.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo penyewe. Ndanu hakumwuliza Kiema. Aliniuliza mimi. Alinishika kiwiko akasema, "Na yakinikataa, Mumbe?"

Nikamcheka. "Wewe nawe! Kwani kucha zikikukataa tunafanyaje? Tunabandua. Si ni kubandika tu?"

Akatulia. Niliona mabega yanashuka. Neno la dada mkubwa lilimtosha.

Aki, mimi ni mtu wa kucha miaka kumi na miwili. Kila anayefanya kazi hii anajua kwamba gundi haishiki juu ya ukucha laini. Lazima kwanza upitishe tupa, ukwangue ule mng'ao wa juu, ndipo ubandike. Nafanya hivyo mara ishirini kwa siku. Mteja akichoka nazo, nambandua, na ukucha wake unabaki mwembamba, unauma akigusa maji moto, lakini baada ya miezi unaota. Ukucha unaota! Nilijua yote haya, na sikuketi hata dakika moja nikajiuliza gundi ya meno inashika juu ya nini.

Jumamosi ile nilifunga saluni mapema ili nikae naye. Kiema hakumpiga picha ya meno wala hakumwangalia fizi, ambazo zilikuwa zinatoka damu kila akipiga mswaki. Alimchoma sindano za ganzi, akawasha kimashine chake, na kile kimashine kikaanza kulia. Nilitegemea kuona gundi. Niliona vumbi. Vumbi jeupe na la kahawia likimwangukia kifuani juu ya karatasi ya shashi, na harufu ya ukucha uliochomwa. Nikasema, "Daktari, mbona unachonga?" Akasema bila kugeuka, "Nasafisha tu, dada. Lazima nitengeneze nafasi."

Ndanu alisikia. Macho yake yalinigeukia, na mkono wake wa kulia ukapanda kwenda mdomoni. Mkono ule ule, wa miaka yote.

Kiema akasema, "Dada, mshikie huo mkono, ananisumbua."

Nikaushika. Ulikuwa na nguvu, ukinivuta, nami nikaukandamiza kwenye mkono wa kiti mpaka ukaacha kuvuta.

Alipomaliza kuchonga, kabla hajabandika, alienda kuchanganya gundi yake, na mimi nikaona. Meno manane ya juu, yamekuwa madogo, yamechongoka, yana rangi ya nyama ya muhogo uliokaa. Nilimkumbuka susu Nduku, nyanya yetu, ambaye alichongwa meno ya mbele akiwa msichana, kama Wakamba wa zamani walivyokuwa wakifanya. Tulikuwa tunamcheka tukiwa wadogo. Lakini susu alichongwa mbele ya watu wazima, kila mtu akijua kwamba anachongwa. Hakuna aliyemwambia anabandikwa. Na susu alitafuna miwa mpaka alipokufa.

Ndanu aliomba kioo. Kiema akasema, "Ngoja tumalize, utajiona mrembo." Sikumpa kioo. Kilikuwa mkononi mwangu.

Sitasema uongo, wiki za kwanza zilikuwa tamu. Nilimwona ndugu yangu akicheka, kicheko chenye sauti, kichwa nyuma, mikono yote miwili chini. Wueh! Nilikuwa sijui kwamba ana kishimo shavuni. Meno yalikuwa meupe kupita kiasi, meupe kama sinki la hoteli, lakini nani alijali. Sylus alitembea mtaani akiwaambia wenzake ameoa mke wa pili bila kulipa mahari. Kanisani Ndanu alipanda mbele na kwaya kwa mara ya kwanza. Na darasani, aliniambia, watoto walianza kushusha viganja, mmoja mmoja.

Kisha maji baridi yakaanza kumchoma. Alfajiri alikuwa anapasha maji ya kusukutua. Chai ikamchoma, upepo ukamchoma akipita barabarani. Fizi zikavimba na kuwa nyekundu kuzunguka kila kipande, na mdomo wake ukaanza kutoa harufu ambayo aliifunika kwa peremende. Nikampigia Kiema. Akasema meno yanazoea. Mwezi wa pili nikampigia, akasema asukutue maji ya chumvi. Mwezi wa tatu, simu ikawa inasema mteja hapatikani. Jumamosi hakuja, na Jumamosi iliyofuata hakuja, na nilipokuta ameacha sanduku tupu nyuma ya pazia nilijua harudi tena. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Tunausema huo msemo kwa wengine.

Jino la kwanza lilitoka darasani. Alikuwa anawafundisha silabi, wote pamoja, kwa sauti: fa, fe, fi, fo. Wewe jaribu kusema fu utaona, meno ya juu lazima yabane mdomo wa chini. Alisema fu, na kile kipande kikaruka, kikaanguka kwenye sakafu mbele ya meza ya mtoto mmoja anayeitwa Kitheka. Kitheka akakiokota, akakiangalia vizuri, akampelekea mkononi.

"Mwalimu, jino lako limeng'oka," akasema kwa upole, kama Ndanu anavyowaambia wao. "Usilie. Litupe juu ya paa, utaota lingine."

Watoto wote wakaanza kumtia moyo. Juu ya paa, mwalimu! Litupe juu ya paa! Kila mmoja alikuwa ametupa lake na kila mmoja alikuwa ameota lingine. Ndanu alisimama pale na mkono wake umerudi mdomoni. Aliniambia hilo ndilo lililomuuma kuliko jino lenyewe, kwamba walikuwa na uhakika.

Tulienda kwa daktari wa meno wa kweli, Daktari Rachel, mama wa makamo mwenye vyeti vyake ukutani. Alimpiga picha ya meno na kuangalia kila jino bila haraka. Kisha akavuta kiti. "Mwalimu, huyu mtu alikuambia atachonga kiasi gani?"

"Aliniambia anabandika," Ndanu akasema nyuma ya kiganja.

"Alikuambia ganda la nje la jino likitolewa halioti tena? Alikuambia kwamba jino likishachongwa hivi lazima lifunikwe maisha yako yote, na kwamba hata kazi nzuri kabisa inabidi irudiwe baada ya miaka kumi, kumi na mitano?"

Ndanu alitikisa kichwa kwa kila swali.

"Meno ya maji ya huko kwenu mimi nayaona kila wiki," Daktari Rachel akaendelea. "Ungekuja na fizi hizo ningekutibu fizi kwanza. Kisha ningesugua yale madoa juu juu tu, na kuyang'arisha kwa dawa. Wengi wanatosheka hapo, hawafiki kwenye vinia kabisa. Anayefika tunamwondolea kidogo sana, unene wa ukucha, na tunamjaribishia kwanza aone. Meno yako yalikuwa mazima, Mwalimu. Yalikuwa na rangi tu."

Yalikuwa na rangi tu. Nilitoka nje nikasimama kwenye korido nikajiziba masikio, mtu mzima mimi. Mawili yalikuwa yameoza mpaka mzizini, yakang'olewa. Matatu yako wazi, yanasubiri kuvishwa kofia moja moja kadiri pesa zinavyopatikana. Matatu bado yana vipande vya Kiema, yanangoja siku yao.

Siku hizi Ndanu anafundisha akiwa amevaa barakoa. Amewaambia wazazi ni kifua. Anawafundisha fa, fe, fi nyuma ya kitambaa, na watoto hawaoni mdomo unavyofanya, kwa hiyo wanasema ha, he, hi. Kwaya aliacha. Sylus mwenyewe hajawahi kuona, miezi kumi na nne sasa. Anakula kwanza, Ndanu anakula baadaye jikoni.

Kiswahili chetu kina huruma sana. Ukifunga, unafungua. Ukiziba, unazibua. Ukibandika, unabandua. Ukichonga, je? Nitafutie hilo neno la kurudisha. Mimi nimelitafuta nikipitisha tupa kwenye kucha za watu, na sijaliona.

Majuto ni mjukuu, wanasema. Ya kwetu yalikuja na Lois, ambaye ni mtoto tu. Ana miaka kumi na mitano, yuko sekondari, na Jumapili mbili zilizopita alikuwa nyumbani kwa likizo fupi. Nilikuwa nimewatembelea. Tulimaliza chakula, Sylus akatoka kwenda kuangalia mpira, na Lois akaja na simu yake akakaa katikati yetu.

"Mum, angalia. Kuna mtu anafanya hapa hapa Voi, na anapunguzia wanafunzi bei. Nimeshaweka jina, Jumamosi."

Picha ilikuwa ile ile niliyoiona kwenye simu ya Kiema. Mdomo ule ule mwekundu, meno yale yale ya sinki.

"Hapana," Ndanu akasema.

"Mum, yako yalibandikwa vibaya, ndiyo maana. Huyu ni mwingine. Hata yakinikataa, si nitabandua?"

Ngai wangu. Neno langu, kama nilivyolisema, limepita kwa mama likafika kwa mtoto.

"Lois, nimesema hapana."

"Kwa nini? Wewe ulitaka, ukafanya. Mimi ndio nikae hivi? Umeniachia haya meno, halafu unanikataza kuyatoa!" Alikuwa analia sasa, na kiganja chake kiko mdomoni. "Kila mtu shuleni ananiita Chuma, eti meno yana kutu!"

Nilijua Ndanu anapima nini. Kama angenyamaza, angebaki na siri yake, na Jumamosi ingefika. Mkono wake wa kulia ulikuwa mdomoni. Kisha akaushusha, akauweka pajani. Akainua mdomo wa juu kwa kidole, kama anayemwonyesha daktari.

Lois aliangalia. Mimi pia niliangalia, maana sikuwa nimeona tangu siku ile ya Kiema. Mapengo mawili meusi. Vijiti vitatu vya kahawia vimechongoka. Na pembeni, vipande vitatu vyeupe, vyeupe kabisa, vinang'aa.

"Hivi ndivyo yalivyo chini," Ndanu akasema, na maneno yakatoka na upepo. "Hawabandiki, Lois. Wanachonga kwanza. Halafu wanabandika ili usione walichochonga. Mwulize aunti yako. Alikuwepo."

Lois alizima simu. Alifanya hivyo polepole, akaiweka kifudifudi kwenye meza. Kisha akanigeukia mimi, na macho yake yalikuwa ya Ndanu, yale yale yaliyonigeukia kutoka kwenye kiti cha saluni yangu.

"Uliona anavyochongwa, Aunti?"

"Niliona."

"Na wewe ulifanya nini?"

Nilitafuta jibu lingine. Haki ya nani, nililitafuta. Ndanu alikuwa ananiangalia, mdomo wazi, mikono yote miwili imetulia pajani, na hakunisaidia.

"Nilimshika mkono," nikasema.